Muziki wa kusomea riwaya ya upelelezi ya kihistoria: mwongozo kamili kutoka Lubumbashi

Riwaya ya upelelezi iliyowekwa katika zama zilizopita inamdai msomaji kazi mbili kwa mpigo. Kwanza aishi katika mji asioujua: mavazi yake, sheria zake, namna watu wanavyosalimiana na kuogopana. Pili ashike kichwani nani alikuwa wapi saa ngapi, nani alidanganya, ufunguo ulikutwa katika mfuko wa nani. Muziki unasaidia sana katika kazi ya kwanza. Katika ile ya pili, mara nyingi unaharibu. Ushauri wangu wote hapa unatoka kwenye tofauti hiyo: tafuta muziki unaokupeleka zamani bila kuvuruga kumbukumbu ya maneno, na uwe tayari kuuzima pale dalili zinapoanza kurundikana.

Ninamwandikia mtu anayesoma kama tunavyosoma wengi hapa Lubumbashi: jioni, kwenye lupango lenye familia zaidi ya moja, nganda (baa) iko barabara ya pili, maombi yanaendelea upande wa pili wa ukuta, kuran (umeme) inaweza kukatika wakati wowote, na mega za simu hazitoshi kupoteza ovyo.

Hatua ya 1: Soma kurasa 30 za mwanzo bila muziki

Wengi huanza kwa kutafuta muziki, kisha ndipo wafungue kitabu. Fanya kinyume. Kurasa za mwanzo ndizo mwandishi anazotumia kukufundisha sauti yake, na ukiwa na muziki sikioni unaisikia nusu nusu. Shika kipande cha karatasi (kitakuwa pia alama yako ya ukurasa) uandike mambo manne: mwaka, mahali, nani anasimulia, na kama mwandishi anaenda mbio au polepole.

Angalia pia kama hadithi inaruka kati ya zama mbili. Riwaya nyingi za aina hii zina mtafiti wa leo anayefukua jambo la miaka mia iliyopita, sura hii leo, sura ile zamani. Hapo usijaribu kutafuta muziki wa zama zote mbili. Ziwekee muziki sura za zamani peke yake, zile za leo usome kimya. Baada ya siku chache sikio litakuwa limezoea, na muziki ukianza tu utakuwa umeshavuka kwenda upande wa pili kabla hujamaliza sentensi ya kwanza.

Hatua ya 2: Ondoa maneno unayoyaelewa

Hili ndilo la muhimu kuliko yote, na ndilo gumu zaidi kwetu. Watafiti wa kumbukumbu, akiwemo Alan Baddeley wa Uingereza, walionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba sauti za watu wanaosema au kuimba huingilia kumbukumbu ya muda mfupi ya maneno unayosoma, kuliko ala zinavyofanya. Akili inayasikia maneno hata ukiwa umekusudia kutoyasikiliza. Kwa riwaya ya mapenzi pengine hasara ni ndogo. Kwa riwaya ya upelelezi, jina moja likikupita katika sura ya nne, utafika mwisho usielewe kwa nini muuaji ni huyo.

Sasa fikiria masikio ya mtu wa Lubumbashi. Kiswahili unakielewa, Kifaransa unakielewa, Kilingala kimekuingia kwa njia ya rumba hata kama hukizungumzi vizuri, na nyumbani huenda kuna Kiluba, Kibemba au Kirund. Kwa hiyo karibu kila wimbo wa Kongo unakuja na maneno yanayokushika. Rumba nzuri ni mazungumzo: mtu analalamika, mtu anajibiwa, jina la mtu linatajwa. Ukiiweka chini ya ushahidi wa kesi, masimulizi mawili yanagombana na lile lenye ngoma ndilo linaloshinda.

Muziki wa ala peke yake ndio salama. Ukitaka sauti za watu, chukua lugha usiyoijua kabisa, au kwaya ya Kilatini inayovuta silabi moja kwa muda mrefu hadi neno linapotea ndani ya sauti. Ila waliopita seminari na wanakwaya wa Kikatoliki wajipime: kama ukisikia Kyrie midomo inaanza kuimba yenyewe, basi kwako Kilatini nacho kina maneno.

Hatua ya 3: Linganisha ala na mwaka

Hapa pana utamu wake, na hapa ndipo ninapopenda kukawia. Huhitaji kuwa mwanamuziki. Unahitaji kujua ala gani ilikuwepo na ipi ilikuwa haijazaliwa, kwa sababu sikio linatambua uongo hata pale ambapo akili haijui kuueleza.

Piano ndiyo inayowapoteza wengi. Bartolomeo Cristofori aliitengeneza huko Florence karibu na mwaka 1700, na ilichukua miongo mingi hadi kuenea. Kitabu kikiwa cha mauaji katika monasteri ya karne ya 14, piano laini ya kisasa itakuondoa monasterini ikuweke kwenye ukumbi wa hoteli. Kwa zama hizo chukua uimbaji wa Kigregori, wenye mstari mmoja wa sauti usio na ala. Hildegard von Bingen, mtawa wa Ujerumani aliyeishi kati ya 1098 na 1179, ametuachia nyimbo zinazopanda juu sana na kushuka polepole. Zinafaa sura za maktaba, za ugonjwa na za maono. Kwa karne ya 14 yenyewe yupo Guillaume de Machaut wa Ufaransa na misa yake ya sauti nne. Hiyo ni kali kidogo, na inafaa pale watawa wanapoanza kushukiana.

Riwaya ya Uingereza ya wakati wa Elizabeth wa Kwanza inadai kinanda cha nyuzi kiitwacho luti. John Dowland, aliyezaliwa 1563 na kufa 1626, aliandika muziki mwingi wa luti moja, wenye huzuni isiyolia kwa sauti. Tafuta vipande vya ala peke yake, maana aliandika pia nyimbo za kuimbwa. Venice ya karne ya 18 ni ya Vivaldi, aliyefundisha muziki kwa wasichana wa kituo cha Pietà. Lakini ruka yale Majira Manne yaliyochapishwa 1725. Yametumika mno kwenye simu za maofisi na matangazo, na kila mtu anayajua. Kamata badala yake konsato zake za selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito. Johann Sebastian Bach ana suti sita (mafungu ya vipande vifupi) za selo moja bila kusindikizwa na ala nyingine, na kama ningeruhusiwa muziki mmoja tu kwa vitabu vyote vya kuanzia 1650 hadi 1800, ningechukua hizo. Selo ina kimo cha sauti ya mtu mzima anayewaza, haina maneno, na haikimbii kuliko msomaji.

London au Paris ya taa za gesi, karne ya 19, hapo piano imefika. Nokteni (vipande vya piano vya utulivu wa usiku) za John Field na za Chopin, au zile Gymnopédies tatu za Erik Satie za mwaka 1888, ambazo zina nafasi nyingi tupu kati ya noti na noti. Istanbul ya mwisho wa dola ya Ottoman inaye mpiga ala Tanburi Cemil Bey, aliyefariki 1916 akiwa ameshaacha rekodi. Ni za zamani, zina mikwaruzo, lakini mtu anayesoma juu ya jasusi wa mwaka 1910 anaupata mwaka wenyewe sikioni.

Usitoke Afrika haraka pia. Kitabu cha Zanzibar ya masultani kinakaa vizuri na taarabu, kwa sharti la Hatua ya 2: Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, msikilize kabla ya kusoma, kwa sababu anaimba Kiswahili na utamfuata. Wakati wa kusoma weka bashrafu, vile vipande vya ufunguzi vya taarabu visivyoimbwa, vya udi, kanuni na fidla. Kitabu cha Timbuktu au cha dola ya Mali kinaomba kora, ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi. Toumani Diabaté alitoa santuri ya kora peke yake, Kaira, mwaka 1988, na nyingine ya kora mbili na Ballaké Sissoko mwaka 1999, New Ancient Strings. Hizi mbili ningemshauri hata mtu asiyejali historia.

Na Kongo ya miaka ya 1930 na 1940? Wakati huo sahani za GV (mfululizo wa santuri) zilikuwa zinaleta muziki wa Cuba kwenye gramafoni za miji yetu, na ndizo zilizochangia kuzaa rumba yenyewe. Wanaimba Kihispania, ambacho wengi wetu hatukijui. Una mji wa kikoloni, una mwaka sahihi, na maneno hayakushiki.

Usahihi wa mwaka, hata hivyo, usigeuke utumwa. Muziki wa mwaka sahihi unaokukera ni mbaya kuliko wa karne jirani unaokutuliza. Ukilazimika kuvunja kanuni moja kati ya hii na Hatua ya 2, vunja hii.

Hatua ya 4: Kataa muziki unaotisha

Ukitafuta kwenye intaneti “muziki wa siri na hofu”, utaletewa saa nzima ya fidla zinazotetemeka na ngoma za ghafla. Achana nao. Kazi ya kukutisha ni ya mwandishi. Muziki unaotisha tangu ukurasa wa kwanza unaifanya kila sura iwe na uzito uleule, hadi mlango unapofunguka kweli hakuna kilichobaki. Kuna ubaya mwingine: unakudanganya. Mhusika anakunywa chai, fidla zinalia, unaanza kumshuku mtu ambaye mwandishi hakukusudia umshuku.

Muziki wa filamu nao una tatizo lake. Ulipimwa kwa sekunde za picha, hivyo unavimba na kulipuka mahali ambapo kitabu chako hakina mlipuko. Misa za wafu za karne ya 19 ni hivyo hivyo: dakika tano za mnong'ono, kisha kwaya nzima na tarumbeta. Kabla ya kuingiza kipande chochote kwenye orodha, kisikilize mwanzo, katikati na mwisho. Kama mkono wako unakwenda kupunguza sauti hata mara moja, kiondoe.

Hatua ya 5: Panga orodha na uipakue mapema

Pima kwanza mwendo wako. Soma dakika 20 kimya, hesabu kurasa, zidisha kwa tatu. Anayesoma kurasa 10 kwa dakika 20 anasoma 30 kwa saa, na kitabu cha kurasa 420 kitamchukua saa 14. Hutafuti muziki wa saa 14. Dakika 60 hadi 90 zinatosha kwa kitabu kizima, zikirudiwa. Kurudia kunasaidia: muziki mpya unaliita sikio, muziki uliozoeleka unaachwa upite. Kwa hiyo siku ya kwanza utasikia kila kitu, siku ya tatu utaanza kusoma kweli.

Zima ile kazi ya kuchanganya nyimbo. Panga mwenyewe, vipande vya ala moja vikifuatana, usirushe msomaji kutoka luti kwenda okestra. Epuka pia huduma zinazokatiza muziki kwa matangazo. Tangazo la bia katikati ya uchunguzi wa maiti linafuta kurasa mbili.

Kuhusu mega, hesabu ni rahisi. Faili ya sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula karibu megabaiti moja kwa dakika. Dakika 90 ni kama megabaiti 86, na ukishapakua hulipi tena hata ukirudia mara ishirini. Ukiitazama kama video kila jioni, unalipa upya kila siku, na picha huitazami. Pakua usiku palipo na Wi-Fi, au siku yenye forfe ya bei nafuu. Kisha weka simu kwenye hali ya ndege: betri inadumu zaidi kuran ikiwa haipo, na ujumbe haukukatizi.

Hatua ya 6: Sauti, ekuta na majirani

Kipimo cha sauti ninachokiamini ni hiki: soma aya moja kwa kunong'ona. Kama husikii mnong'ono wako mwenyewe, muziki uko juu. Punguza hadi unapousikia, kisha punguza kidogo tena.

Spika ndogo ya simu haitoi besi. Selo na ogani zinapotea, inabaki sauti ya nyuki. Kora, luti, gitaa na piano vinatoka vizuri. Kwa hiyo kama huna ekuta (spika za masikioni) wala bafle (spika kubwa), acha Bach wa selo, chukua nyuzi za kudonoa. Mzazi anayesoma huku akisikiliza mtoto anayelala avae ekuta moja tu, ila aingie kwenye mipangilio ya simu awashe sauti ya mono. Rekodi nyingi za miaka ya 1960 ziliweka ala hizi upande wa kushoto na zile upande wa kulia, na mwenye sikio moja anakosa nusu ya muziki.

Usishindane na nganda. Besi yake inapita ukutani, na ukipandisha sauti ili kuifunika utaumiza masikio na besi itabaki palepale. Maneno ya watu ndiyo yanayofunikika kirahisi: sauti ya mvua iliyorekodiwa, au ogani ya chini chini, inatosha kuyameza mazungumzo ya jirani. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua ya mabati inafanya kazi hiyo bure, na mvua ikipiga sawasawa mimi ninazima kila kitu. Usiku wa Juni na Julai, baridi imewaingiza watu ndani karibu na mbabula na mji umenyamaza mapema, sauti ya muziki ishuke hadi karibu nusu ya ile ya kawaida.

Hatua ya 7: Jua pa kuzima

Kuna aina tatu za sura zinazotaka kimya. Mahojiano marefu, ambapo ukweli umefichwa ndani ya namna mtu anavyojibu. Barua, wosia, shajara au ramani iliyonakiliwa kitabuni, kwa sababu mwandishi hajaiweka bure. Na sura tatu au nne za mwisho. Katika hizo za mwisho utataka muziki kuliko wakati wote, maana moyo unadunda. Jizuie. Unahitaji kukumbuka kila kitu ulichosoma, na ni hapo ndipo utakapojua kama mwandishi alikutendea haki.

Mfano mmoja mzima: riwaya ya Katanga ya mwaka 1961

Tuchukue kitabu kilichowekwa hapa hapa, Élisabethville ya wakati ule. Mambo ya kweli yanatosha kuzaa riwaya nyingi. Katanga ilijitangazia kujitenga tarehe 11 Julai 1960, na hali hiyo ikaisha Januari 1963. Usiku wa kuamkia 18 Septemba 1961, ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka wetu, akiwa njiani kwenda kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga. Chanzo kimebishaniwa hadi leo. Umoja wa Mataifa ulilifungua tena suala hilo, na uchunguzi ukakabidhiwa Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania.

Kabla ya kufungua kitabu, sikiliza Indépendance Cha Cha ya Grand Kallé na African Jazz, iliyotungwa Brussels mwaka 1960 wakati wa mkutano wa Meza ya Duara kuhusu uhuru wa Kongo. Isikilize kwa maneno yake yote, majina ya vyama na ya viongozi yakitajwa. Hapo unapata furaha ya mwanzo wa mwaka ule, na bila kuijua furaha hiyo huwezi kupima kilichofuata. Kisha izime.

Kwa sura za mjini, za Kamalondo, za kambi za wafanyakazi, gitaa la Katanga ndilo lenyewe. Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa 1930, alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na Masanga yake ikasikika mbali sana na Katanga. Sikiliza anavyodonoa kwa vidole viwili: gumba linashika besi, kidole cha shahada kinajibu juu, na unadhani wapo watu wawili. Anapoimba Kiswahili chetu, muweke kati ya sura na sura. Wakati wa kusoma tumia wapiga gitaa wengine walioupiga muziki wake bila kuimba.

Sura za kanisani na za misheni zinaye mwenzake wa karibu: Missa Luba, misa ya Kilatini iliyoimbwa na Les Troubadours du Roi Baudouin wa Kamina, chini ya Padri Guido Haazen, na kurekodiwa mwaka 1958. Ni Katanga hii hii, miaka mitatu kabla ya hadithi. Ina ngoma, kwa hiyo sauti iwe chini kuliko kawaida.

Sura za wanadiplomasia ziwekee Beethoven. Tarehe 24 Oktoba 1960 Hammarskjöld alizungumza kwenye tamasha la Siku ya Umoja wa Mataifa ambapo Simfoni ya Tisa ilipigwa. Usiichukue yote, mwisho wake una kwaya na kelele ya ushindi. Chukua sehemu ya tatu, ile ya polepole, yenye urefu wa kama robo saa.

Kama kitabu kinafika usiku wa 17 Januari 1961, ambapo Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa nje kidogo ya mji huu, soma bila muziki wowote. Wapo wazee hapa wanaoikumbuka miezi ile, na zipo nyumba ambako jambo hilo bado linasemwa kwa sauti ya chini. Sitaki sauti nzuri inirahisishie kurasa hizo.

Ukimaliza kitabu, iweke orodha hiyo pembeni kwa miezi kadhaa, la sivyo washukiwa wa zamani watakufuata kwenye riwaya mpya. Na ukimwazima yaya au rafiki kitabu, mwandikie orodha kwenye karatasi uiache ndani ya jalada, pamoja na namba za sura za kusoma kimya. Usimweleze kwa nini ni sura hizo.